Zaidi ya "very": kujifunza jozi za Kiingereza za hisia kali na utambuzi

Kiswahili kina "sana", na "sana" haibagui. Umefurahi sana, umekasirika sana, umeaibika sana, unafahamu sana. Ukitaka kuzidisha unaongeza "mno" au "kupita kiasi", au unarudia: sana sana. Kiingereza hakiendi hivyo. Kila hisia ina vielezi vyake vichache inavyokubali kuandamana navyo, na mzawa wa lugha hajiulizi kwa nini, kwa sababu ameyasikia maneno hayo pamoja tangu utoto. Aliyeumizwa na matokeo ya mtihani ni "bitterly disappointed". Anayejivunia kwao ni "fiercely proud". Anayeshukuru kwa dhati ni "deeply grateful". Ukivibadilishana vielezi hivyo, sarufi inabaki salama na sentensi inaeleweka, ila msomaji anatambua papo hapo kuwa umewaza kwa lugha nyingine. Wanaisimu huita jambo hili kolokesheni. Hapa tutasema jozi.

Mwongozo huu unamfaa mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, mwanachuo wa ualimu pale Iringa au Mbeya anayejiandaa kufundisha somo la Kiingereza, mwongoza watalii wa Ruaha au Kitulo, na mtu yeyote anayeandika barua za kazi na ripoti kwa Kiingereza. Uwe tayari unaweza kusoma gazeti la Kiingereza bila kukwama kila mstari. Kama nyakati za vitenzi bado zinakusumbua, maliza hizo kwanza. Jozi nzuri ndani ya sentensi iliyovunjika haisaidii.

Andaa daftari moja la kurasa 96, karatasi tano za manila za A4, kalamu za rangi mbili, na simu yenye intaneti mara moja au mbili kwa wiki. Hakuna kingine cha kununua.

Hatua ya 1: Tenga hisia zinazopimika na zilizokwisha kufika kileleni

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika vivumishi vya hisia vinavyoweza kuwa kidogo au kuwa vingi: angry, sad, happy, afraid, tired, worried, surprised. Kulia andika vile ambavyo ukali umo ndani yake tayari: furious, devastated, delighted, terrified, exhausted, overjoyed, astonished.

Vya kushoto vinapokea "very", "extremely", "rather", "a bit". Vya kulia vinakataa hivyo vyote na kupokea "absolutely", "completely" au "utterly". Makosa mengi tunayosahihisha kwenye insha yanatoka hapa: "very furious", "very terrified", "very delighted". Sababu yake ni rahisi. "Furious" maana yake ni kukasirika sana. Ukiongeza "very" unakuwa umesema "sana" mara mbili. Kosa la kinyume nalo lipo, "absolutely angry", "completely sad", nalo linasikika vibaya vilevile. Ukiwa katikati ya mazungumzo na huna muda wa kufikiri, tumia "really" au "so", kwa kuwa hayo mawili yanapita pande zote.

Hata vielezi vya kulia havilingani. "Absolutely" inakwenda na jema na baya: absolutely delighted, absolutely furious. "Utterly" huegemea zaidi mabaya: utterly miserable, utterly exhausted, utterly hopeless. "Completely" inapenda hali ya kumalizwa au kuzidiwa: completely exhausted, completely overwhelmed. "Completely delighted" itamfanya msomaji asite. "Overjoyed" mara nyingi husimama peke yake bila kielezi chochote, na ni vizuri kuiacha hivyo.

Hatua ya 2: Jifunze kielezi pamoja na wenzake, si peke yake

Orodha ndefu ya vielezi peke yake haikai kichwani. Chukua kielezi kimoja, uandike chini yake maneno matatu au manne yanayokifuata, kisha utafute ni nini kinachoyaunganisha. Viwili kwa wiki vinatosha kabisa. Ukivuka hapo vinaanza kuchanganyikana, na hapo ndipo "bitterly happy" inapozaliwa.

Anza na "bitterly", kwa kuwa nyanda za juu tunayo sababu ya kuikumbuka. Mtu anayeshuka basi Makambako au Njombe alfajiri ya Julai anaweza kusema "It was bitterly cold" na hakuna atakayembishia. Wenzake wengine ni: bitterly disappointed, bitterly regret, bitterly opposed, weep bitterly, complain bitterly. Kinachoviunganisha ni kuumia kunakoacha ladha ya shubiri baada ya tukio kupita. Kwa hiyo "bitterly" haikai na furaha, haikai na upendo, wala haikai na woga. Mashabiki wanaotoka Uwanja wa Sokoine baada ya timu yao kufungwa bao la dakika ya mwisho: "The fans were bitterly disappointed." Huo ndio mfano wa kuandika kwenye ukurasa wa kwanza.

Kinachofuata kiwe "deeply". Hiki ni cha hisia zinazoshuka ndani na kutulia huko: deeply grateful, deeply moved, deeply hurt, deeply ashamed, deeply concerned, deeply attached to, deeply in love. Hisia za kulipuka ghafla hazikipendi. "Deeply furious" na "deeply excited" si Kiingereza cha kawaida. Kuna lisilofuata kanuni, "deeply shocked", ambalo ni la kawaida kabisa ingawa mshtuko ni wa ghafla. Lichukue kama lilivyo. Kanuni za jozi ni mielekeo. Usijaribu kuzilazimisha zifanane na hesabu.

Linganisha sasa vielezi hivi viwili mbele ya kitenzi kimoja, maana hapa kuna tofauti ambayo vitabu vingi vya shule huipita. "We deeply regret the delay" ni lugha ya ofisi inayoomba radhi: kampuni ya mabasi, hospitali, chuo. "I bitterly regret leaving school" ni majuto ya mtu binafsi, yanayomtafuna. Meneja akiandika "We bitterly regret the delay", abiria watadhani kuna mtu amefiwa. Na kijana anayejutia kuacha shule akisema "I deeply regret", atasikika kama anasoma tangazo.

Vingine vichukue kwa haraka zaidi. "Fiercely" inakwenda na kulinda kilicho chako: fiercely proud, fiercely loyal, fiercely protective, fiercely independent. Mwongozaji wa Ruaha anayeeleza simba jike na watoto wake ataihitaji kila siku: "A lioness is fiercely protective of her cubs." "Painfully" ni ya jambo linalomtia mtu adha kulitazama au kuliishi: painfully shy, painfully thin, painfully slow, painfully obvious. Foleni ya malori mpakani Tunduma ni "painfully slow". "Sorely" ina wachache tu, sorely tempted, sorely needed, sorely missed, na hilo la mwisho ni la msiba. "Desperately" ni ya uhitaji usio na njia: desperately lonely, desperately unhappy, desperately worried. "Madly" ishike na "in love". "Insanely" ishike na "jealous".

Jihadhari na "highly". Kwa kuwa inafanana na "kwa kiwango cha juu", wengi huiweka popote: "highly happy", "highly angry", "highly sad". Wenzake halisi ni sifa na uwezekano: highly qualified, highly recommended, highly respected, highly unlikely. Kwenye wasifu wako wa kazi ni ya thamani. Kwenye hisia za kawaida iache.

Kuna kundi dogo ambalo ukali wake unakuja nyuma ya kivumishi: worried sick, scared stiff, scared to death, bored stiff, bored to tears. Mpangilio wake haugeuzwi. Hakuna "sick worried". Haya ni ya mazungumzo. Tutarudi kwenye suala hilo mwishoni.

Hatua ya 3: Ifanyie kazi "aware" kwa wiki nzima

Neno hili lipewe nafasi yake, kwa sababu Kiswahili kinasema "nafahamu", "natambua", "najua" na kuacha toni ya sauti ifanye mengine, ilhali Kiingereza kinaweka msimamo wa moyo wa msemaji ndani ya kielezi. Ukikosea kielezi hapa unaweza kumuudhi mtu bila kujua.

Kwanza sarufi yake. Ni "aware of" ikifuatwa na nomino, na "aware that" ikifuatwa na sentensi. "Aware about" inasikika sana kwenye semina zetu. Kwenye maandishi rasmi tumia "of". Neno lenyewe hukaa baada ya "be" au "become": I am aware, she became aware. Ukimjulisha mtu jambo ni "make him aware of it".

Sasa panga vielezi kuanzia utambuzi hafifu hadi mkali.

"Dimly aware" na "vaguely aware" ni za mtu aliye nusu usingizini au asiyetilia maanani. Abiria anayesinzia basi likishuka Kitonga: "She was dimly aware of the engine changing its sound." 

"Fully aware" ni ya uwajibikaji. Aliyesema hivyo hawezi kudai baadaye kuwa hakuambiwa: "He signed the contract fully aware of the risks." Inakaa vizuri kwenye mikataba, taarifa na mashauri.

"Well aware" inahitaji uangalifu kuliko zote. Ukimwambia mkuu wako wa kazi "I am well aware of that", unachokisema ni kwamba najua tayari, huna haja ya kuniambia. Inaweza kupita bila neno, inaweza pia kusikika kama jeuri. Ukitaka tu kuthibitisha kuwa umepata taarifa, andika "Thank you, I have noted this." "Perfectly aware" ni kali kuliko "well aware", na mara nyingi hutoka mdomoni mwa mtu aliyekwisha kukereka.

"Keenly aware" ni ya akili iliyo macho: mtu anaona jambo kwa ufasaha na analipa uzito. "Tea growers in Mufindi are keenly aware of the danger of frost." Hakuna maumivu humo, kuna umakini. Ni chaguo zuri kwenye insha za kitaaluma.

"Acutely aware" ina makali ya mwilini. Jambo linakuchoma muda huohuo, na mara nyingi lina aibu au hatari ndani yake. Fikiria binti aliyefika kwenye usaili akiwa amepita kwenye tope la Machi, anaingia chumba chenye zulia: "She was acutely aware of her muddy shoes." Ukiweka "fully aware" hapo, aibu yote inapotea, atakuwa kama anatoa taarifa kuhusu viatu.

"Painfully aware" ni ya ukweli unaouma ambao mtu hawezi kuukwepa: "The family was painfully aware that the money would not last until harvest." "Only too aware" iko karibu nayo, yenye maana ya kujua jambo na kutamani lisingekuwa hivyo.

Na upande wa kutojua kuna jozi moja ambayo ukiitumia vizuri msomaji anatabasamu: "blissfully unaware". Ni ya mtu aliyetulia kwa furaha kwa sababu hajui kinachomjia. "The driver sang along to the radio, blissfully unaware that sacks of potatoes were falling off behind him." Kwa kutojua kusiko na furaha yoyote, sema "completely unaware".

Nomino yake nayo ina jozi. Kwenye miradi ya afya na mazingira huku kwetu tunaandika "create awareness" karibu kila ripoti. Si kosa la sarufi, lakini jozi inayotangulia kwa wazawa ni "raise awareness", na mfadhili atakayesoma ripoti yako ameizoea hiyo. Nyingine ni growing awareness, lack of awareness, public awareness.

Mwisho wa kundi hili ni mtego wa "kujitambua". Siku hizi tunasema "mtu anayejitambua" kwa sifa. Kiingereza chake ni "self-aware". "Self-conscious" ni kitu kingine kabisa: mtu anayehisi kila jicho linamtazama, anaona haya kwa sura yake au lafudhi yake. Ukijisifu kwenye barua ya kazi kuwa wewe ni "a self-conscious person", umemwambia mwajiri kuwa una aibu. 

Hatua ya 4: Kagua Kiswahili kinachosukuma sentensi yako

Baadhi ya misemo yetu ina ndugu zake kwa Kiingereza, na hiyo ni mali ya bure. Damu kuchemka ni "my blood boiled". Nywele kusimama ni "my hair stood on end". Kujawa na furaha ni "filled with joy". Kufa moyo ni "lose heart". Kupoteza fahamu ni "lose consciousness", na kurudiwa na fahamu ni "regain consciousness". Kushikwa na woga pia kunakaribiana, ila kitenzi kinabadilika: ni "gripped by fear", kamwe si "caught by fear".

Mingine inapotosha. "Nilivunjika moyo" ya Kiswahili ni kukata tamaa, kukosa hamasa ya kuendelea. Kiingereza chake ni "I was discouraged" au "disheartened". "Heartbroken" ni ya aliyefiwa au aliyeachwa na mpenzi. Mwanafunzi anayeandika "My teacher's comment made me heartbroken" ameongeza msiba ambao haukuwepo.

Vitenzi vyetu vya kuona na kusikia navyo havihami. Tunasikia baridi na njaa, tunaona aibu na wivu. Kiingereza kinatumia "feel" au "be": I felt cold, I was hungry, I felt ashamed, I was jealous. Halafu kuna kiambishi -me-. "Nimekasirika" ni hali ya sasa, kwa hiyo ni "I am angry". "Nimefurahi kukuona" ni "I am glad to see you". Ukifuata umbo la Kiswahili utapata "I have been happy to see you", na mgeni atajiuliza furaha hiyo iliisha lini.

"Moyo uliniuma" huzaa "my heart was paining". Chagua kati ya mbili kulingana na maana: kama umeumizwa na mtu, "I was deeply hurt"; kama umewaonea wengine huruma, "my heart ached for them".

Hatua ya 5: Funga jozi na kihusishi chake

Hapa hakuna nadharia, ni kukariri. Angry with mtu, about jambo. Grateful to mtu, for kitu. Proud of, ashamed of, jealous of, terrified of. Delighted with zawadi. Shake with anger, tremble with fear, scream in pain, tears of joy. Burst into tears, lakini burst out laughing. Andika kihusishi kwa rangi ya pili kila mara, kwa sababu ndicho kinachodondoka kwanza kwenye kumbukumbu.

Hatua ya 6: Hakiki kabla ya kuamini

Usimwamini mtu, hata mwalimu, hata mwongozo huu, kabla hujaona jozi ikitumika. Njia nyepesi ni SkELL, ukurasa wa bure ulioko skell.sketchengine.eu, usiohitaji kujisajili. Andika "aware", gusa "Word sketch", utaona safu za maneno yanayoambatana nalo yakiwa yamepangwa kwa vikundi. Gusa mojawapo upate sentensi halisi. Nakili mbili tu kwenye daftari: moja fupi, na moja inayohusu watu badala ya takwimu. Kwa kuwa ni maandishi matupu, haili bando. Siku ukipata intaneti nzuri, nakili ya wiki nzima kwa mkupuo.

Ukitaka kuchimba zaidi, jisajili bure english-corpora.org. Humo kuna COCA, hazina ya Kiingereza cha Marekani yenye maneno zaidi ya bilioni moja, na BNC, ya Uingereza, yenye milioni 100. Andika nyota, nafasi, kisha neno, yaani "* disappointed", nayo itakuorodheshea maneno yanayotangulia kwa wingi wake. Kuna kikomo cha utafutaji kwa siku kwa wasiolipia, hivyo nenda ukiwa na orodha mkononi. Kulinganisha hazina hizo mbili kuna faida yake: "I'm mad at you" ni hasira ya kawaida Marekani, lakini Uingereza "mad" mara nyingi ni kichaa. Shule zetu zinafuata zaidi Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo BNC ndiyo iwe mwamuzi wako kwenye mtihani.

Usihesabu matokeo ya Google kama ushahidi. Intaneti imejaa Kiingereza cha wanaojifunza kama wewe, na "very furious" utaipata kwa maelfu. Kwa kamusi ya kawaida, chukua za wanafunzi za Oxford, Longman au Cambridge, ambazo zote zina kurasa za bure mtandaoni. Zinaonyesha jozi ndani ya mifano, tofauti na kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili inayokupa maana peke yake.

Hatua ya 7: Kadi

Kunja manila ya A4 mara tatu, kila mara nusu kwa nusu, kisha kata kwenye mikunjo. Utapata kadi nane za sentimita 7.4 kwa 10.5, zinazoingia mfuko wa shati. Karatasi tano zinakupa kadi 40.

Mbele ya kadi andika hali kwa Kiswahili na sentensi yenye pengo. Mfano: Ameingia kwenye usaili na viatu vya tope, anahisi kila mtu anaviangalia. She was ______ aware of her shoes. Nyuma andika sentensi nzima, jozi ikiwa imepigiwa mstari.

Wanaoshindwa kwa njia hii karibu wote wameandika mbele "anafahamu sana" na nyuma "acutely aware". Kadi hiyo haifundishi kitu, kwa kuwa "anafahamu sana" inajibiwa na vielezi sita vyenye maana tofauti. Hali ndiyo inayochagua kielezi, kwa hiyo hali lazima iwe kwenye kadi.

Rudia kesho yake, kisha siku ya 3, ya 7, ya 21 na ya 60. Ukikosa, kadi inarudi mwanzo. Soma jibu kwa sauti na kukaza maneno yote mawili, "FIERCEly PROUD", ili ulimi uyazoee kama kitu kimoja. Anayependa simu atumie Anki, programu ya kadi za kurudia kama hizi, ambayo kwenye Android na kompyuta ni bure na inafanya kazi bila mtandao.

Hatua ya 8: Andika habari za hapa

Jozi inayokaa kwenye kadi tu hufa. Kila Jumamosi andika aya moja ya sentensi nne au tano kuhusu kitu unachokijua: ukungu wa Uporoto, soko la Mwanjelwa siku ya mvua, maua ya Kitulo, msiba wa jirani. Mfano huu ni wa mwongozaji anayefanya mazoezi kwa ajili ya wageni wa makumbusho ya Kalenga. Rasimu yake ya kwanza:

"The people of Iringa are very much proud about Chief Mkwawa. When the Germans came he was very furious and he resisted them strongly. After his death in 1898 people were aware about the skull which was taken, and when it came back in 1954 they were having a big happiness."

Kila sentensi inaeleweka. Sasa isahihishe jozi kwa jozi. "Proud about" inakuwa "proud of", na "very much" inaipisha "fiercely". "Very furious" tunaifuta kabisa: mbali na kugongana na Hatua ya 1, hatuna ushahidi wa alichohisi Mkwawa, na mgeni anastahili ukweli. Badala yake weka tendo linalojulikana, lenye jozi yake. "Resisted strongly" inakuwa "put up stubborn resistance". "Aware about" inakuwa "painfully aware that", kwa sababu fuvu la mtemi lililochukuliwa ni ukweli unaouma. "A big happiness" haipo. Furaha ni "great joy", na kwa tukio zito kama hili "deeply moving" inafaa zaidi.

"The people of Iringa are fiercely proud of Chief Mkwawa. He put up stubborn resistance to the Germans and in 1891 inflicted a crushing defeat on them at Lugalo. After his death in 1898 the Hehe were painfully aware that his skull had been taken away. Its return in 1954 was a deeply moving moment."

Jozi tano ndani ya sentensi nne, na hapo tayari tuko ukingoni. Kwa maandishi ya kawaida weka jozi moja kali kwa aya, zikizidi sana mbili. Aya yenye "utterly", "desperately" na "bitterly" kwa pamoja inamchosha msomaji, naye huacha kuamini hata ile moja iliyokuwa ya kweli.

Hatua ya 9: Pima mahali unapopeleka

Jozi sahihi inaweza kuwa mahali pasipo pake. "Over the moon", "thrilled to bits", "scared stiff" na "worried sick" ni za WhatsApp na mazungumzo na marafiki. Kwenye barua ya kazi furaha ni "I would be delighted to attend an interview", na hamu ni "I am writing to express my keen interest in the post". Shukrani kwa mfadhili au mwajiri: "We are deeply grateful to you for your support." Malalamiko kwa kampuni yasianze na "I am absolutely furious", hata kama ndivyo ulivyo, "I was extremely disappointed with the service" inasomwa na kujibiwa haraka zaidi.

Kwenye rambirambi punguza zaidi. "Please accept my heartfelt condolences" inafaa kwa yeyote, na "He will be sorely missed" inafaa kama ulifanya naye kazi au kuishi naye. "I am absolutely devastated" waachie wafiwa wenyewe na ndugu wa karibu. Kama marehemu hukumfahamu, ila mwanaye ni mwenzako wa kazini, mstari mmoja unatosha: "I was deeply sorry to hear of your father's death."